Haijatumwa si Haikutumwa

Kiangazi kilichopita nilipoteza maneno 214 ya Kiluba. Sisemi niliyasahau. Yalikuwa yameandikwa vizuri, kila neno na maana yake kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na sentensi moja ya mfano chini yake. Yalikuwa majina ya samaki, ya nyavu, ya sehemu za mtumbwi na ya hali za maji. Mzee mmoja mvuvi, mzaliwa wa Kinkondja kwenye ziwa Kisale, alitutajia kwa siku tatu alipokuja hapa Kamina kumtembelea mwanawe. Yalipotea kwa sababu ya programu niliyoiandika mimi mwenyewe, na ukitafuta vizuri ndani ya programu hiyo utakuta kosa lote limekaa katika kitenzi kimoja: tuma.

Ninaandika habari hii katika jarida la kitivo cha lugha, wala si kwa mafundi wa kompyuta, kwa sababu nimefikia imani ambayo najua baadhi ya walimu wetu hawataikubali upesi. Kosa langu halikuwa la hesabu wala la mashine. Lilikuwa kosa la lugha. Nilitunga lugha ndogo yenye vitenzi sita, na lugha hiyo haikuwa na namna ya kusema "bado".

Nieleze kwanza kilichotokea. Tulikuwa wanafunzi watano na kompyuta mbili. Moja ni ya zamani, inatumia Linux. Nyingine ni ya kubeba, inatumia Windows. Orodha yetu ya maneno 640 ilikuwa katika ile ya zamani, na mwenye kompyuta alitaka kuisafisha yote na kuipakia upya. Flashi tuliyokuwa nayo ilikuwa imejaa virusi. Lakini tulikuwa na kifaa kidogo cha kuunganisha mtandao, nami nilikuwa najifunza C, nikaona nimepata nafasi ya kujionyesha. Nikaandika programu ya kupeleka faili kutoka mashine moja hadi nyingine. Niliijaribu kwa orodha ya maneno ishirini, ikafanya kazi. Nikaijaribu tena, ikafanya kazi. Siku ya kuhamisha orodha yenyewe, kioo kikaandika: Imetumwa. Mwenzetu akasafisha kompyuta yake jioni ile ile, maana umeme ulikuwapo na hakuna aliyejua kama kesho utakuwapo.

Asubuhi tulifungua faili upande wa Windows tukakuta maneno 426. La 427 lilikuwa limekatika katikati ya herufi. Katika orodha yetu toni ziliandikwa kwa alama juu ya irabu, na irabu yenye alama ya namna hiyo huhifadhiwa kwa baiti mbili. Baiti ya kwanza ilifika, ya pili haikufika, na mahali pa irabu palibaki alama ya kuuliza. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Kwa wasiojua mambo haya, niseme kidogo. Programu mbili zikitaka kuongea kwa mtandao, kila moja huuomba mfumo wa kompyuta uifungulie kitu kinachoitwa soketi. Neno lenyewe halitusaidii sana. Kwa umeme, soketi ni ile tunayoiita prizi hapa kwetu, na prizi hutoa tu, haipokei. Soketi ya mtandao ni kama simu iliyoshikwa sikioni: unasema ndani yake, unasikiliza ndani yake, na upande wa pili yupo mwingine anayefanya hivyo hivyo. Ndiyo maana katika programu yangu niliiita laini.

Vitenzi vya soketi vilianza kuenea mwaka 1983, vilipotoka katika mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mifumo ya ukoo wa Unix, Linux ikiwemo, inavitumia hadi leo. Baadaye ilipotakiwa Windows nayo iongee kwa njia hiyo, ilitungwa Winsock, ambayo toleo lake la 1.1 lilitoka Januari 1993. Winsock iliazima vitenzi vingi vya Berkeley kwa majina yale yale, lakini si vyote, na vingine ilivikuta vina kazi nyingine nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu anayetaka programu moja iende kwenye mifumo yote miwili hujenga tabaka katikati: vitenzi vichache vyake mwenyewe, ambavyo sehemu nyingine za programu zitavitumia bila kuuliza kama chini yake pana Linux au Windows.

Sasa tazameni jinsi jambo hili lilivyo letu. Hapa Kamina mtu akisema bibi yake ni mgonjwa, tunampa pole kwa ajili ya mke wake. Akisema hivyo hivyo Dar es Salaam, wataulizia afya ya mama wa mama yake au wa baba yake. Neno ni moja, wote wawili wanasema Kiswahili, na kila mmoja ataondoka akiamini ameelewa. Hivyo ndivyo kitenzi close kilivyo. Windows inacho, lakini ni cha faili. Soketi zake hufungwa kwa closesocket. Ina errno pia, mahali ambapo Linux huandika sababu ya kosa, lakini vitenzi vya Winsock haviandiki humo. Sharti uulize kwa WSAGetLastError. Linux hukupa soketi kama nambari ndogo, na ikishindikana hukupa -1. Windows hukupa nambari ya aina isiyoweza kushuka chini ya sifuri. Anayeuliza kama jibu liko chini ya sifuri ataambiwa hapana siku zote, hata kama soketi haikupatikana. Hata select, kitenzi cha kuuliza ni laini ipi iliyo tayari, kina nafasi 64 upande wa Windows usipoomba zaidi, na 1024 upande wa Linux.

Mwanafunzi wa tafsiri anayasoma haya akitabasamu, maana ni marafiki wa uongo aliofundishwa kuwaogopa. Nami niliwaogopa. Niliandika faili mbili, moja ya Linux na moja ya Windows, na juu yake orodha fupi ya vitenzi vyangu: anza, unga, tuma, pokea, maliza, funga. Kila tofauti niliyoitaja niliishughulikia. Nilijiona nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa nimetafsiri maneno tu, na sarufi nimeiacha.

Kitenzi cha kutuma kilichoko chini ya tabaka langu hakijibu ndiyo au hapana. Kinajibu kwa hesabu. Unakiambia: hizi baiti laki tatu, zipeleke. Kama akiba ya mfumo ina nafasi ya laki mbili, nawe umeagiza kwamba hutaki kungojeshwa, kitachukua laki mbili na kukuambia: nimechukua laki mbili. Ni juu yako kurudi na zilizobaki. Mimi nilipojenga tuma yangu nilitazama jambo moja: je, jibu ni kosa? Kama si kosa, nikarudisha NDIYO. Hesabu niliitupa. Orodha ya maneno ishirini ilikuwa ndogo, akiba iliimeza mara moja, ndiyo sababu majaribio yangu hayakuniambia kitu.

Kuna hali nyingine iliyo mbaya zaidi: akiba ikiwa imejaa kabisa, mfumo hauwezi kuchukua hata baiti moja kwa sasa. Jibu linalorudi ni -1, jibu lile lile unalopata laini ikikatika na mwenzako kutoweka. Ili kujua tofauti, lazima ukatafute sababu mahali pengine. Linux itasema EAGAIN, Windows itasema WSAEWOULDBLOCK. Ukiwa unaunga laini mpya bila kungoja, hali ya "niko njiani" Linux huiita EINPROGRESS, na Windows huiita kwa jina lile lile ililolitumia kwa akiba iliyojaa. Yaani vitenzi hivi, tangu 1983, vimeweka "bado" na "hapana" ndani ya chungu kimoja, na kumwachia kila mpishi achambue mwenyewe.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kitivo hiki anajua kwamba Kiswahili hakichanganyi mambo haya. Haikutumwa ni neno la jambo lililopita: wakati wake ulikuwapo, ukaisha. Haijatumwa ni neno la jambo lililo bado mlangoni. Ukimwambia mama kwamba barua haikutumwa, ataanza kulaumu. Ukimwambia haijatumwa, atauliza unaipeleka lini. Kiambishi -ja- kimebeba wajibu: kinamwambia msikilizaji kwamba kazi ipo na mwenye kazi anajulikana. Tumekisoma katika darasa la sarufi, tumekiandika katika mitihani, tukakiacha humo. Mimi nilikiacha humo siku niliyoandika tuma.

Nilipoanza upya, sikuanza kwa C. Nilichukua karatasi nikaandika kwa Kiswahili kila jibu ambalo mtu mwaminifu angeweza kunipa akiwa amepewa mzigo aupeleke. Nikapata matatu: imetumwa, na amechukua kiasi gani, haijatumwa, urudi baadaye, haikutumwa, na kwa nini. Kwa upande wa kupokea likaongezeka la nne: amemaliza. Mfumo ukirudisha sifuri wakati wa kupokea, maana yake mwenzako amenyamaza kwa amani. Si kosa. Lakini pia si ushahidi kwamba amesema yote aliyotaka kusema, na hapo ndipo programu yangu ya kwanza ilipodanganyika mara ya pili: mpokeaji aliona sifuri, akafunga faili la maneno 426, akatulia. Ndiyo sababu vilevile maliza na funga ni vitenzi viwili tofauti. Aliyemaliza kusema anaweza kuendelea kusikiliza, aliyefunga ameondoka.

Majibu hayo manne ndiyo leo yaliyo majibu ya tabaka langu. Sehemu ya Linux na sehemu ya Windows kila moja hufanya uchambuzi wake ndani, na anayetumia tabaka hawezi tena kulisoma "bado" kama "ndiyo" au kama "hapana", kwa kuwa ni maneno tofauti.

Sisi wa Kamina tusingehitaji kufundishwa hili, maana mji wetu ni wa reli. Njia ya BCK kutoka Katanga hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na ilikuwa na upana wa milimita 1067 kati ya chuma na chuma. Upande wa Kabalo, reli za CFL zilikuwa na upana wa milimita 1000, na kati yetu na Kabalo hapakuwa na reli. Mizigo ya kwenda huko ilishushwa Bukama, ikapakiwa kwenye meli na kuteremka mto Lualaba. Mwaka 1955 reli za CFL zilipanuliwa zilingane na zetu, na mwaka 1956 njia ya Kamina hadi Kabalo ikafunguliwa. Basi ziko namna mbili za kuunganisha mifumo miwili. Unaweza kung'oa chuma na kukipiga upya, au unaweza kuweka ghala, watu na karani mahali inapokutana. Hakuna atakayetuomba ruhusa ya kubadilisha Linux wala Windows. Sisi tumebaki na ghala la Bukama.

Fikirini sasa karani wa ghala kama hilo akiulizwa: magunia mangapi yamepakiwa? Naye ajibu: yamepakiwa. Angefukuzwa siku hiyo hiyo. Tena hata hesabu sahihi ya melini si hesabu ya Kabalo. Baina yake kuna mto. Mfumo ukisema umechukua baiti zote laki tatu, umesema zimeingia katika akiba yake, haujasema zimefika. Kwa hiyo programu yangu ya sasa haiandiki Imetumwa kwenye kioo mpaka upande wa pili urudishe neno lake: nimepokea maneno 640. Kabla ya hapo inaandika: Haijathibitishwa. Ni neno refu, lakini hakuna atakayesafisha kompyuta akilitazama.

Najua nitakayojibiwa. Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana amekwisha kuniambia kwamba haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa lugha akijiingiza humo atapoteza muda wake na wao watamcheka. Namjibu kwa heshima kwamba wahandisi wamekuwa na mambo haya kwa zaidi ya miaka arobaini na "bado" imebaki ndani ya -1. Si kwamba hawana akili. Ni kwamba walipotunga vitenzi hivyo walikuwa wakifikiria mashine ichukue nafasi ndogo, wala hapakuwa na mtu mezani ambaye kazi yake ni kuuliza: neno hili litaeleweka vipi na atakayelisikia mara ya kwanza? Kazi hiyo ndiyo tunayofundishwa hapa.

Wenzangu wana hoja nyingine, nayo ina uzito zaidi. Wanasema majina ya Kiswahili yataifunga programu hapa hapa, kwamba fundi wa Nairobi labda ataisoma, wa Kinshasa hataisoma, na wa Brazili asahau. Ni kweli. C yenyewe, katika sanifu yake ya mwaka 1989, ina maneno 32 yaliyotengwa, na hakuna hata moja ninaloweza kulibadilisha. Nami sidai kwamba kila programu iandikwe kwa Kiswahili. Tabaka likienda kwa watu wa mbali, majina yake yanaweza kuvaa nguo za huko. Ninachodai ni kwamba tofauti zifikiriwe kwanza katika lugha tunayoijua mpaka kwenye mifupa, kisha zipelekwe. Jina linaweza kubadilishwa kwa dakika tano. Tofauti ambayo haikuwekwa siku ya kwanza huja kulipiwa na mtu mwingine, na huyo mtu mara nyingi hayuko chumbani.

Neno moja kuhusu istilahi, kwa kuwa tuko nyumbani. Tabaka la namna hii nimelisikia likiitwa tabaka dhahania, na pia tabaka la kuficha. Yote mawili yananisumbua. La kwanza linafanya kitu cha kushikika kionekane hewa. La pili ndilo lililonipotosha: nilidhani kazi yangu ni kuficha, nikaficha hata hesabu. Ningependelea tabaka la mapatano. Pande mbili zinapopatana, hazifichani tofauti zao; zinaamua zipi zitatajwa, na kwa maneno gani.

Ninaomba basi mambo mawili kwa kitivo chetu. La kwanza, kazi ya mwisho wa masomo inayochunguza vitenzi vya programu, maana zake na makosa yanayotokana nazo, ipokelewe kama kazi ya lugha na isomwe na walimu wa lugha. La pili, kila orodha ya maneno inayokusanywa na wanafunzi ihifadhiwe mahali pawili, na ihesabiwe kwa mkono pande zote mbili kabla mtu hajafuta chochote. La pili halihitaji C hata kidogo, na lingeniokoa.

Mzee alikuwa amekwisha kurudi Kinkondja. Tulimpigia simu, tukamweleza kwa aibu. Hakukasirika. Alicheka, kisha akajaribu kutusaidia, lakini mara kwa mara alinyamaza. "Mwanangu," akaniambia, "siku zile tulikuwa tunaongea, na majina yalikuwa yanakuja yenyewe. Sasa unaniuliza moja moja kama polisi." Kwa simu nne tulipata maneno 61. Mengine anasema atayakumbuka akiwa ndani ya mtumbwi, akiyaona, na simu haifiki huko.

Yamebaki 153. Kiangazi kijacho wawili kati yetu tutakwenda Kinkondja na daftari la karatasi. Katika orodha yetu, mbele ya kila nafasi iliyo tupu, mwenzangu mmoja alikuwa ameandika "halikupatikana". Nimezipitia zote 153, nimefuta, nimeandika "halijapatikana".